Sura ya Nne: Kutupwa na Kutupa

Pale stendi ya Mbeya wapiga debe huliita jina la Sumbawanga kutwa nzima, wakilivuta mpaka pumzi ziwaishe, na hakuna abiria anayelisikia kama amri. Ni mahali basi linakokwenda tu: Tunduma, Laela, kisha Sumbawanga. Lakini ukifika ukawauliza wenyeji, wengi watakufasiria bila kusita. Sumba ni tupa. Wanga ni uchawi. Wewe uingiaye, ulichobeba kitupe huko nje. Kama jina lilizaliwa hivyo, au kama maelezo yalishonwa baadaye yakalienea, nawaachia wanahistoria. Linalonivuta mimi ni kwamba mji mzima umejiita kwa kitenzi.

Nchi nzima ikalisoma jina kinyume. Mji unaosema tupa uchawi ukawa, midomoni mwa Watanzania, mji wa wachawi. Kila aliyetoka mkoa wetu wa Rukwa akaenda Dar es Salaam kusoma au kutafuta maisha anaujua mchezo wenyewe. Unajitambulisha. Chumba cha bweni kinanyamaza kidogo, kisha mmoja anaanza: "Kumbe ndugu yetu umetoka Sumbawanga? Jamani, asiguse mtu godoro lake, tutapigwa radi." Mwingine anauliza nauli ya ungo siku hizi ni shilingi ngapi. Unacheka, maana usipocheka utaonekana umekasirika, na Mfipa, mwenyeji wa Rukwa, aliyekasirika ndiye hasa anayeogopwa. Mimi nilikuwa na jibu langu la akiba: "Tulia, kaka, ya kwako imeshapanda basi, sasa hivi iko Mikumi." Lilichekesha kila mara. Ilinichukua miaka kugundua kwamba kila nilipolitoa nilikuwa natia saini karatasi iliyoandikwa na wengine.

Tarehe 29 Oktoba 1945, Paris ikiwa ndiyo kwanza imetoka vitani, mwanafalsafa Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara ambao watu waliujia kwa kusukumana. Mfano wake ulikuwa kisu cha kukatia karatasi. Anayekitengeneza anakijua kabla hakijakuwapo: ana wazo la kisu, matumizi yake, umbo lake, ndipo anakifua. Angekuwa amekulia Nkansi, kwetu Rukwa, angetaja jembe. Mhunzi ana jembe kichwani kabla halijawa jembe mkononi. Binadamu, akasema Sartre, hakufuliwa hivyo. Kwanza yupo, ametokea duniani, na atakavyokuja kuwa kunatokana na anayoyatenda. Hakuna aliyemchora kwanza.

Wahakiki wetu wa fasihi wanaiita falsafa hii udhanaishi. Kila ninapolisikia neno hilo natabasamu. Sartre alitaka kuishi kutangulie, dhana ifuate nyuma. Sisi tukaunda neno ambamo, masikioni mwangu, dhana imekaa mbele na kuishi kumekokotwa nyuma yake. Huenda ni bahati mbaya ya uundaji wa maneno. Ila ndivyo ilivyokuwa pale bwenini: dhana ya Mfipa ilishafika na kutandika kitanda kabla Mfipa mwenyewe hajashuka Ubungo.

Miaka miwili kabla ya mhadhara ule, katika kitabu chake kinene cha 1943, Sartre alikuwa ameeleza jinsi jicho la mwingine linavyofanya kazi. Mtu amechutama anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Yuko peke yake, hajifikirii, nafsi yake yote iko kwenye anachokitazama. Ghafla anasikia hatua za mtu ukumbini. Palepale anageuka kuwa kitu: mchunguliaji. Hakuna lililobadilika mwilini mwake, lakini sasa kuna mtu mwingine mwenye picha yake, na picha hiyo hawezi kuifuata huko iliko akaifuta. Frantz Fanon, daktari kutoka Martinique, aliongeza mwaka 1952 jambo ambalo Sartre hakulipima vya kutosha: kuna watu ambao jicho huwangoja. Hawahitaji kuchungulia popote. Ngozi yao, au kwa upande wetu jina la wilaya yao, limeshawachungulia.

Sasa mtu huyo afanyeje? Wapo wanaokana. Husema wanatoka "Mbeya, Mbeya kule mbele". Wapo wanaojitakasa, na mara ya pili mnapoonana wameshakutajia parokia yao, maana Wamisionari wa Afrika waliingia Karema mwaka 1885 na Ufipa ikawa nchi ya Kikatoliki kwelikweli. Na wapo kama mimi, wanaoicheza. Sartre ana mhudumu wake wa mkahawa, anayebeba sinia kwa madoido yaliyozidi kidogo, anayeinama kwa haraka iliyozidi kidogo, kwa sababu anajaribu kuwa mhudumu kama jiwe linavyokuwa jiwe. Kwa Sartre huko ni kujidanganya: mtu kujifanya hana njia nyingine. Ninapomkumbuka yule kijana wa bwenini na utani wake wa radi iliyopanda basi, naiona sinia mkononi mwake.

Sisemi utani ni dhambi. Utani wa makabila umetusaidia kuishi pamoja, na mtu asiyetaniwa hana watani. Nasema tu kwamba zipo siku nilicheka nikiwa sijui mwenyewe nacheka kama nani.

Martin Heidegger, Mjerumani ambaye Sartre alimsoma sana, analianza jambo hili mbali zaidi. Neno alilolichagua mwaka 1927 kumtaja binadamu maana yake, ukilifumua, ni kuwa hapo. Msomaji wa Kiswahili hashangai hata kidogo. Lugha yetu haikuruhusu useme mtu yupo bila kumweka mahali: yupo, yuko, yumo. Yupo pale tunapopaona, yuko huko tusikokuona sawasawa, yumo ndani ya kitu. Heidegger alihitaji mamia ya kurasa kuwaondoa Wazungu kwenye wazo la akili inayoelea peke yake bila mahali. Bibi anayeulizwa "Mzee yupo?" akajibu "Yuko shambani" ameshafika.

Na hapo ulipo, asema Heidegger, hukupachagua. Umetupwa. Umejikuta katika lugha fulani, mwili fulani, ukoo fulani, uwanda fulani ulio kama mita 1,800 juu ya bahari, Ziwa Tanganyika upande mmoja na Ziwa Rukwa upande wa pili, yote mawili yakiwa karibu mita elfu moja chini yako. Umejikuta kwenye baridi ya Juni inayowafanya wageni kutoka pwani wadhani wamedanganywa kuhusu Afrika. Hakuna aliyekuuliza.

Wafipa wana simulizi yao juu ya kujikuta, na naiona kubwa kuliko inavyopewa heshima. Mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alikaa Milansi, chini ya mlima Itweelele. Jina la Milansi limebaki mpaka leo katika kata ya Milanzi mjini Sumbawanga. Siku moja akaenda kuwinda, akimwonya mkewe kwamba wageni watakuja na asiwape kigoda. Wakaja wanawake wa ukoo wa Twa. Mke akawapa kigoda. Mwenye nyumba aliporudi alikuta utawala umekwisha kukaliwa. Katika simulizi nyingine za wafalme tungetegemea mikuki. Hapa Ntatakwa anakubali. Watwa wanatawala nchi, yeye anabaki na Milansi na mamlaka ya mambo ya kale, na kutoka kwa Watwa hao zikaja kuwapo dola mbili, Nkansi na Lyangalile.

Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliifanya simulizi hiyo kuwa ufunguo wa fikra nzima ya Wafipa: Milansi ni kichwa, Watwa ni kiuno, kimoja kimetulia juu, kingine kinatembea chini, na nchi ni mapatano ya viwili hivyo. Uchambuzi mzuri, ingawa umenyooka mno kwa ladha yangu. Mimi husimama pale mlangoni pamoja na Ntatakwa, begani ana mnyama aliyemuua, macho yake yako kwenye kigoda. Kukaliwa kwa kigoda hakukuwa hiari yake. Kilichobaki cha hiari yake kilikuwa kidogo, na ndicho alichokitumia.

Nirudi kwenye jembe, maana ndilo linalomfanya Heidegger aeleweke shambani kuliko darasani. Fenomenolojia, njia aliyoirithi kwa mwalimu wake Edmund Husserl, inatutaka tuyaeleze mambo yanavyotujia kabla hatujayavika nadharia. Jembe linatujiaje? Anayelima halioni. Anaona majani, udongo, wingu linalopanda kutoka Rukwa. Jembe analiona siku mpini unapovunjika. Heidegger aliandika hayo kuhusu nyundo, na kila mkulima atakubali.

Lakini tazama kazi yenyewe ya jembe hilo Ufipa. Mvua zinapokaribia kumalizika, kati ya Februari na Aprili, wakulima hukusanya majani na kuyafukia kwa udongo, tuta la duara moja baada ya jingine, mpaka mteremko unaonekana kama umeota vichuguu. Kwa Kifipa matuta hayo ni intumba. Juu yake huweza kupandwa maharage, na ndani majani yanaoza taratibu. Msimu unaofuata tuta hutawanywa, ulezi au mahindi yakala mboji ile. Profesa John Mbiti, Mkamba wa Kitui, aliandika mwaka 1969 kitabu kilichosomwa dunia nzima, akidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una Sasa na Zamani isiyo na mwisho, lakini wakati ujao karibu haupo. Hauvuki miezi sita, au miaka miwili kwa wingi. Aliyachota hayo kwenye vitenzi vya Kikamba na Gikuyu. Namheshimu sana Mbiti. Ila natamani angeinama kidogo kutoka kwenye vitenzi akatazama udongo. Mtu anayefukia majani yenye uhai ili yamlishe mazao ambayo bado hata mbegu zake zimo ghalani, anaishi mbele ya mwili wake. Wanafalsafa wa Ujerumani waliona hiyo ndiyo alama ya kuwa binadamu: kuwa tayari kule ambako hujafika.

Katika baadhi ya mashamba hayo, hasa Nkansi, utakuta mnara wa udongo uliosimama peke yake katikati ya mahindi, mrefu kuliko mtu, umepasuka ubavuni. Ni ilungu, tanuri la kuyeyushia chuma. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, ameyachunguza malungu hayo kwa miaka mingi. Yalikuwa ustadi wa juu: moto ulivuta hewa wenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto, na bonge lililotoka likapelekwa kusafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililohitaji mivukuto. Wafua chuma walikaa kambini mbali na wake zao mpaka kazi iishe, na tanuri lenyewe lilitendewa kama mwanamke anayengojewa ajifungue. Kisha majembe ya kiwandani yakaja na meli, yakawa rahisi kuliko kukesha porini, na moto ukazimika.

Heidegger anauliza swali linaloonekana la kitoto: kitu cha kale kilichomo makumbusho, ni nini chake kilichopita? Udongo wake upo. Umbo lake lipo. Anajibu kwamba kilichopita ni dunia ambamo kitu hicho kilikuwa na kazi. Sijapata kuona pahala jibu hilo linaposimama wima kama Nkansi. Mtoto anayechunga mbuzi hujikinga upepo nyuma ya ilungu. Kwake ni ukuta.

Tufike kwenye kifo. Nimekizungukazunguka, kama tunavyofanya wote.

Kiswahili kina adabu nyingi hapa. Ng'ombe hufa, mtu amefariki, ametutoka, ametangulia. Neno hili la mwisho linanishangaza kila ninapolisikia msibani, kwa sababu ndilo hasa, karibu neno kwa neno, alilolitumia Heidegger, ila yeye amewapa walio hai. Kuishi kwa uhalisi, asema, ni kukitangulia kifo chako: kwenda mbele kwa fikra mpaka pale pasipo na kuwakilishwa. Unaweza kuniwakilisha kwenye kikao, kwenye mahari, hata mahakamani. Kufa kwangu huwezi kunifia. Mtu wa kawaida, anasema, hukwepa kwa kujificha ndani ya "watu". Watu hufa. Sote njia ni hiyo. Na katika hao "watu" yeye mwenyewe hayumo.

Hapo nina ugomvi naye. Sidhani alipata kukaa matanga. Anayesema "sote njia ni hiyo" huku ameketi juu ya mkeka wa mwenziwe siku ya tatu, amefunga duka lake na amechanga unga, hakimbii chochote. Ameleta mwili wake mahali pa kifo. Kinachokimbia huja baadaye, usiku, watu wakishapungua, mtu mmoja anaposogeza kigoda karibu na kusema kwa sauti ya chini: "Lakini huyu, hamuoni kwamba hakuondoka hivihivi?"

Chukua radi. Ufipa ni nchi ya juu kati ya maziwa mawili, na msimu wa mvua radi zake si za mchezo. Zinapiga miti, mapaa ya bati, watu. Mwalimu wa fizikia ataeleza vizuri chaji za umeme mawinguni, na kwa nini aliyesimama juu ya tuta yuko hatarini kuliko aliyechutama bondeni. Ataeleza jinsi. Mama aliyefiwa hakuuliza jinsi. Ameuliza kwa nini mwanangu, wakati watoto walikuwa wanane chini ya mti ule. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia, alilisikia swali hilohilo kwa Waazande wa Sudani ya wakati ule na kuliandika mwaka 1937. Mwandishi Albert Camus alisimama mbele ya swali hilo akasema ulimwengu hauna jibu, na kwamba utu ni kukaa na ukimya huo bila kuujaza uongo. Uchawi unaujaza. Unasema: kuna aliyetuma. Na kwa kusema hivyo unamnyang'anya marehemu hata kifo chake, kwani sasa si tena jambo lililompata yeye, ni jambo alilolitenda jirani.

Jirani huyo mara nyingi ni bibi kizee asiye na wa kumtetea. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, na ambayo bado tunayo, inaadhibu pia kumtuhumu mtu uchawi, lakini waliouawa haikuwafaa. Rukwa ni miongoni mwa mikoa iliyoona watu wenye ualbino wakishambuliwa na kukatwa viungo, kwa imani ya aina hiyohiyo: kwamba bahati ya mtu iko mwilini mwa mwingine. Tunapoufanyia uchawi utani bwenini, tuyakumbuke na hayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ulitokea Nyasaland mwamko ulioitwa mchape, kutokana na neno la Kinyanja la kufua nguo, kutakasa. Ulipita Rhodesia ya Kaskazini ukaingia Ufipa, na ukawa unarudi kila kizazi. Willis aliukuta tena mwaka 1963 na 1964 kwa jina la kamchape. Siku hizi mkoani watu husema lambalamba. Audrey Richards, mwanaanthropolojia mwingine, aliuona mchape kwa Wabemba, majirani zetu wa kusini, na kuuandika mwaka 1935. Wanakijiji walipangwa mstari, wakapita mmoja mmoja nyuma ya mganga, naye akiwatazama katika kioo kidogo cha mkononi. Hakuwatazama usoni. Kioo ndicho kilichomwambia nani mchawi. Kisha pembe na vifurushi vilitolewa majumbani na kurundikwa hadharani. Richards alizichungulia pembe hizo akakuta sehemu kubwa ni vidawa vya kawaida tu.

Nifikiriapo mstari ule nasahau vitabu vyote. Unapita nyuma ya mgongo wa mtu, naye anaijua sura yako kabla wewe hujaijua. Unatoa pembe ya babu uliyoitunza kwa ajili ya kikohozi, kwa sababu kutokuwa na cha kutupa kungekuwa ushahidi mbaya zaidi. Sumba wanga. Wanatupa wote, na hakuna aliyetupa chake.

Miaka hiyohiyo, mwaka 1933, Martin Heidegger alijiunga na chama cha Hitler na kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg. Mtu aliyewaonya wenzake wasipotee ndani ya "watu" akaingia kwenye mstari, mbele ya kioo kilichokuwa kinatafuta wachawi wa Ujerumani. Sisemi hili ili tukitupe kitabu chake. Ila nikisikia mtu anadhihaki wazee wetu waliosimama mbele ya mchape, huuliza kama anajua profesa alikuwa wapi.

Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, ndiye aliyeyaleta maswali haya katika riwaya ya Kiswahili bila kuyapunguza makali. Katika Kichwamaji, mwaka 1974, Kazimoto msomi haoni maana ya kuendelea, na anajiua. Baadaye, katika Nagona na Mzingile, mwandishi akaacha hata njia ya kawaida ya kusimulia. Wanafunzi wengi humchukia kwa sababu hawapi faraja. Nilimchukia pia, kidato cha sita. Nilimwelewa miaka mingi baadaye, nilipomzika mtu wangu wa karibu kijijini, mwezi wa Machi, ardhi ikiwa imelowa.

Kaburi huchimbwa kwa zamu. Waliopo hawahitaji kupangwa. Mmoja anashuka na jembe, akichoka anajivuta nje, anampa mwenzake mpini ukiwa bado na joto la viganja. Maneno ni machache: kuhusu jiwe lililo upande wa kichwa, kuhusu wingu. Zamu yangu ilipofika nilishuka. Shimo lilikuwa limenifika kifuani, na kutoka mle ndani niliona viatu vya watu tu, na nyuma yao mteremko wenye matuta. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Taratibu, mwanangu, huku chini pana maji." Nikachimba. Sikuliona jembe.

Tulipomaliza majembe yalioshwa mtoni, na kila mtu akalitafuta la kwake. Mawili matatu yalikuwa yanangojwa shambani, kwa kuwa majani yalikuwa bado mabichi na mvua zilikuwa zinakwisha.